Mzazi Si Mama Peke Yake

Kila tarehe 8 Machi, mwanamke mganga akialikwa kuzungumza na wanafunzi, swali halikawii: "Mama, unafanyaje ili kazi, watoto na uongozi viende pamoja?" Mwenzake mwanamume, hata akiwa baba wa watoto sita, huulizwa habari za upasuaji. Mimi ninasoma lugha za Kiafrika, sisomi uganga, kwa hiyo nitalitazama swali hilo kama sentensi. Mtendaji wake ni mmoja tu: wewe, mama. Baba wa watoto hayumo. Hospitali haimo. Ndiyo maana jibu nalo hufanana kila mwaka: niliamka mapema, nilijinyima usingizi, Mungu alinisaidia.

Tuchukue ginekolojia, tawi ambalo wagonjwa wake wote ni wanawake. Mtoto hachagui saa ya kuzaliwa, basi mganga hulala hospitalini kwa zamu, ile inayoitwa gardi. Masomo ya utaalamu huanza baada ya miaka mingi ya udaktari wa jumla, mwanamke akikaribia miaka thelathini au akiwa ameipita. Hiyo ndiyo miaka ya kuzaa. Baadaye, anapotafutwa mkuu wa idara, huhesabiwa gardi, makala na safari za mikutano. Hakuna anayehitaji kusema "hatutaki mwanamke". Ratiba imekwisha kusema.

Sheria zetu haziko kimya. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe kabla ya kujifunga kwa mkataba wa kazi. Mageuzi ya Julai 2016 yaliondoa ruhusa hiyo. Sasa mume na mke wanatakiwa kupatana. Kutoka ruhusa hadi mapatano: neno moja limebadilika, na maisha ya watu yamebadilika nalo. Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inampa mama majuma 14 ya likizo, na anaponyonyesha, mapumziko mawili ya nusu saa kila siku. Baba anapewa siku 2. Lakini nusu saa ya kunyonyesha ina faida gani kwa mganga aliye katikati ya upasuaji, kama hakuna aliyepangwa kumpokea?

Nilipomsindikiza dada yangu kujifungua, mganga aliyempima alikuwa mwanamke. Alipomaliza, shangazi yetu alimwuliza kwa heshima zote: "Mama, docta atakuya saa ngapi?" Najua "mama" kwetu ni neno la adabu, na shangazi hakukusudia ubaya. Ila mwanamume akivaa koti jeupe, hata mwanafunzi, tunamwita docta papo hapo. Kiswahili hakina jinsia katika sarufi yake: docta, mganga na mkuu ni wa wote. Jinsia tunaileta sisi wenyewe.

Wengine watasema mambo haya hujipanga nyumbani: yupo bibi, yupo binti wa kazi. Ni kweli, na waganga wengi wanawake wamefika walipofika kwa mgongo wa hao. Lakini binti huyo naye ni mtoto wa mtu, na pengine ameacha shule ili dada mkubwa amalize utaalamu. Mwanamke mmoja akipanda kwa kumkalisha mwingine chini, mzigo umehama tu, haujapungua.

Lugha yetu inatupa neno bora: mzazi. Baba ni mzazi, mama ni mzazi. Hata hivyo tunasema "likizo ya uzazi" tukimaanisha mama peke yake, na Tanzania mahali pa kujifungulia huitwa wodi ya wazazi huku baba akingojea nje. Ninaomba tulichukue neno hilo kwa maana yake yote. Ratiba ya gardi iulize kila mganga, mume au mke, kama ana mtoto mchanga, na imwekee anayenyonyesha mtu wa kumpokea. Masharti ya kuwa mkuu wa idara yaandikwe na kubandikwa wazi, na majuma ya likizo yasihesabiwe kuwa upungufu. Baba aongezewe siku, kwa maana siku 2 zinatosha kuandikisha jina la mtoto, hazitoshi kumlea.

Na sisi wa lugha tuna kazi yetu. Wengi wetu tutatafsiri sheria, fomu za hospitali na matangazo ya afya. Tunapokutana na neno la uzazi, tuangalie nani tumemwandika na nani tumemwacha nje. Na tarehe 8 Machi ijayo, tualike pia mganga mwanamume, tumwulize mbele ya watu: Papa docteur, watoto umewaacha na nani?