Kampuni ijulikane kabla lori halijafika Busia

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa anayeuza nyanya sokoni Busia, ambako mnunuzi huzishika na kuzigeuza kabla ya kutoa pesa, methali hiyo bado ina nguvu. Kwa anayejaza lori la mahindi Nagongera, imepungua nguvu. Mwenye kinu aliye Eldoret au Nairobi hayaoni mahindi hayo wala hamjui mwenye nayo. Anachoweza kukiona ni jina la kampuni, iwapo limeandikwa mahali anapotafuta.

Mahali pamojawapo ni LinkedIn, mtandao wa kijamii wa watu wa kazi na biashara. Ulianza mwaka 2003, Microsoft ikaununua mwaka 2016, na mwaka 2023 ulivuka wanachama bilioni moja. Humo watu hujitambulisha kwa kazi zao: ofisa ununuzi, msafirishaji, wakala wa forodha. Kampuni hufungua ukurasa wake bila malipo, mradi anayeufungua awe na akaunti yake binafsi.

Wengi watasema: sisi tuko WhatsApp, inatosha. Kwa magunia machache na wateja mliozoeana, ni kweli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa mpakani kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, na mama anayeutumia hahitaji ukurasa wowote. Lakini anayeuza kwa tani anamhitaji mnunuzi asiyemjua bado, na huyo hana namba yake. Ndiyo maana mwenye nafaka Nagongera humuuzia dalali, dalali humuuzia mwenye ghala mpakani, na anayejulikana Nairobi ni huyo wa mwisho. Dalali ana haki ya kula jasho lake. Tatizo ni kampuni kuuza misimu kumi na bado isijulikane.

Tukumbuke Machi 2021. Tarehe 5 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye ikafungua kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni, na uwe na cheti cha uasilia wa bidhaa. Tangu hapo, bei peke yake haimtoshi mnunuzi makini. Anauliza mahindi yalikaushwa wapi, nani aliyapima, na ghala likoje. Maswali hayo yakianza kujibiwa lori likiwa kwenye foleni, kila siku ya kusubiri ni gharama.

Kwa hiyo ukurasa wa kampuni usiwe wa salamu za sikukuu na picha za mkurugenzi akiwa na suti. Uandikwe jina lile lile lililosajiliwa, mji ghala lilipo, bidhaa, miezi zinapopatikana na tani ambazo kampuni inaweza kutoa. Zionekane picha za turubai za kukaushia na kipima unyevu kikitumika. Kama bidhaa ina alama ya ubora ya UNBS, isemwe. Maelezo yawe kwa Kiswahili na Kiingereza, maana wanunuzi ni wa pande zote mbili. Tani zisiongezwe chumvi. Mnunuzi anaweza kuja kuziona. Namba za benki na nakala za vyeti vyenye sahihi zisibandikwe, maana matapeli nao wanasoma. Hizo apewe mnunuzi anayejulikana.

Jambo la pili ni umiliki. Mara nyingi kazi hii hupewa mpwa mwenye simu nzuri. Akipata kazi Kampala, anaondoka na ukurasa mfukoni. LinkedIn inaruhusu wasimamizi zaidi ya mmoja, basi wawe wawili au zaidi, na mwenye kampuni awe mmojawapo. Kwenye chama cha ushirika, awe mwenyekiti pamoja na katibu.

La tatu, mayai yasiwekwe kapu moja. Januari 2021, kabla ya uchaguzi mkuu, Uganda ilifunga Facebook. Mwuzaji wa Tororo aliyekuwa na wateja wake huko tu alibaki akihangaika na VPN, huku mnunuzi wake ng'ambo ya mpaka akiendelea kama kawaida. Orodha ya wateja ibaki pia kwenye daftari la kampuni.

Wa kusaidia kazi hii wapo karibu. Chuo Kikuu cha Busitema kina kampasi hapo hapo Nagongera, na mwanafunzi anayejua mitandao anaweza kulipwa kwa saa chache kwa wiki. Asiachwe peke yake tu: habari za ghala anazijua mwenye ghala.

Soko la Pamoja lilianza mwaka 2010. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa na marais wa nchi zote mbili Februari 2018. Serikali zimefungua lango, lakini kumtafutia mtu mnunuzi si kazi yao. Mahindi ya msimu wa kwanza huvunwa Juni na Julai. Ukurasa ufunguliwe kabla ya hapo, magunia yakiwa bado matupu na mwenye kampuni akiwa na nafasi ya kukaa na kuandika.