Mungu hahitaji mkalimani

Zamani kaskazini mwa Uskoti waliishi watu ambao Warumi waliwaita Picti, yaani waliopakwa rangi. Jina hilo limo katika maandishi ya mwaka 297. Mwaka 563 mtawa Columba alivuka bahari kutoka Ireland, akaweka makao kisiwani Iona, kisha akawahubiria. Adomnán, aliyeandika habari zake, anasema alihubiri kupitia mkalimani.

Wapicti walipoamini hawakutupa patasi zao. Katika uwanja wa kanisa la Aberlemno lipo jiwe walilolichonga: upande mmoja msalaba, upande wa pili alama zao za jadi na askari vitani. Jiwe moja, watu walewale, Bwana mpya.

Basi kwa nini sisi tunamnyamazisha bibi anapoomba kwa lugha ya kwao katikati ya ibada? Siku ya Pentekoste kila mtu alisikia kwa lugha yake mwenyewe (Matendo 2:8). Sanamu tuziache, ndiyo. Lakini lugha uliyolelewa nayo si dhambi. Leo ukifika kanisani, mwache mama huyo aombe. Mungu anamwelewa.