Wenye saluni, tuandikiane mali kauli

Mhariri,

Naomba nafasi niwafikishie ujumbe wenye saluni na maduka ya vipodozi hapa Dar es Salaam. Sisi tunaotunga shanga hununua vifaa Kariakoo kwa fedha taslimu: shanga, uzi, waya na vifungio. Hereni na bangili zikishakamilika, tunawaachia kwa mali kauli, mtulipe zikiuzika.

Utaratibu huu una faida kwa wote. Mteja anayesukwa hukaa saa nyingi mbele ya kioo. Akiona hereni karibu, huijaribu papo hapo. Shida huja siku ya hesabu: bidhaa zimepungua, fedha haipo, na kila mfanyakazi anamtaja mwenzake.

Napendekeza daftari lenye nakala mbili, liandikwe idadi, bei, kamisheni ya duka, tarehe ya malipo na nani atabeba hasara kitu kikipotea. Nasi watengenezaji tuache tabia ya kuwavizia wateja wa saluni mlangoni na kuwauzia kwa bei ya chini.

Wenye saluni, tusainiane kabla ya kupokea mzigo. Asiyetaka kuandikiana, tusimwachie mali.

Mtunga shanga,
Dar es Salaam