Kusomea nyumbani si lelemama

Julai 2023 wadukuzi walipoushambulia mtandao wa serikali wa eCitizen, wananchi waliokuwa wakitafuta pasipoti na huduma nyinginezo walikwama. Si ajabu basi kwamba vijana waliosomea kompyuta wanatamani shahada ya pili ya usalama wa mitandao.

Siku hizi si lazima mtu apande ndege. Chuo cha Georgia Tech, mjini Atlanta, Marekani, kilianza kufunza shahada hiyo kwa intaneti Januari 2019, na wakati huo kilitangaza kwamba karo yote haitafika dola 10,000. Mwanafunzi huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: ulinzi wa habari, sera, au ulinzi wa mitambo kama ile ya umeme.

Hizo ni pesa nyingi kwa familia ya mshahara mmoja. Hata hivyo, ndugu msomaji, karo ni nusu tu ya gharama. Nusu ya pili ni muda, na muda huo ni wa nyumba nzima. Anayefanya kazi huenda akasoma miaka miwili, mitatu au zaidi. Atlanta nayo iko nyuma yetu kwa saa saba au nane. Kikao cha saa kumi na moja jioni huko ni saa sita au saa saba usiku hapa Nairobi. Baba akijifungia chumbani kila usiku bila kueleza, mama atashuku mengine. Mama naye akisoma huku akitarajiwa kupika, kufua na kukagua kazi za watoto, atachoka kabla muhula haujaisha.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa hata senti, ketini pamoja na karatasi. Karo ya watoto itatoka wapi? Nani atapika wiki ya mtihani? Stima ikipotea, mwanafunzi atasomea wapi? Watoto pia waelezwe kwa nini televisheni itapunguzwa sauti.

Kisha ulizeni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama chuo mlichochagua kinatambuliwa, kwani wauzaji wa vyeti bandia hawakosi. Itakuwa aibu anayetaka kulinda mitandao akianza kwa kutapeliwa humo humo.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Anayesoma asiachiwe mzigo peke yake, naye asiwatwike wenzake mzigo bila kuwauliza.