Tawi Likifa Usilitupe

Mkwaju wako wa chunguni ukikaukiwa na tawi, usikimbilie kulikata. Wajapani huliita jin. Huupa mti mdogo sura ya uzee.

Kwanza kwaruza gome. Ukiona kijani, liache, lingali hai. Likiwa limekufa, ambua gome lote, uchonge kwa kisu kikali ukifuata nyuzi, kama wafanyavyo wachongaji Wakamba pale Changamwe.

Unyevu wa Pwani huozesha mbao upesi. Tawi likikauka, lipake dawa ya chokaa na salfa. Funika udongo, fanyia nje: inanuka mayai viza, na watoto wakae mbali.

Mbuyu usijaribu. Mbao zake laini hushika maji, zikaoza hadi shinani, nawe ukapoteza mti uliolea miaka kumi.