Jaji arudishiwe mizani
Agosti 2019, mahakama ya shirikisho mjini New York ilimhukumu Baktash Akasha wa Mombasa kifungo cha miaka 25 baada ya kukiri makosa ya biashara ya heroini na methamfetamini. Kima cha chini alichowekewa na sheria kilikuwa miaka 10. Wanaohofu kwamba kima hicho kikifutwa mapapa wa unga wataponyoka waitazame hesabu hii: jaji aliuona uzito wa kosa akaenda mbali kuliko alivyolazimishwa. Kima cha chini hakimgusi papa. Kinamnasa dereva au mbebaji ambaye jaji, akishamsikiliza, angempa miaka miwili au mitatu, lakini sheria imemfunga mikono. Katika kesi ya njama, dagaa huyo anaweza kubebeshwa uzito wa mzigo wote, hata kama ujira wake ulikuwa nauli tu. Tena sheria inaruhusu kushuka chini ya kima kwa anayewataja wenzake. Bosi ana majina ya kutaja, mbebaji hana. Mlango mwingine wa kushuka chini ya kima, uliofunguliwa 1994 na kupanuliwa 2018, huwaokoa baadhi, ila rekodi ya makosa ya zamani inaweza kuufunga.

Ndiyo maana mawakili wa utetezi wanasema hukumu imehamia mezani kwa mwendesha mashtaka. Yeye huchagua shtaka, na shtaka likishachaguliwa, adhabu imekuja nalo. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani yenyewe ilisema asilimia 97 ya hatia za shirikisho zinatokana na watu kukiri. Nani atathubutu kwenda kusikilizwa akijua kwamba akishindwa ni miaka 10?

Kuna hoja nzito ya upande wa pili: bila kima, kosa moja litapewa adhabu tofauti kwa kila jaji. Ni kweli majaji hutofautiana, lakini wana miongozo, hutoa sababu mbele ya watu, na hukumu hukatiwa rufaa. Usawa wa kulazimishwa tumeuona matunda yake. Sheria ya Marekani ya 1986 iliweka miaka mitano kwa gramu 5 za kraki, kokeini ya vijiwe, na miaka hiyohiyo kwa gramu 500 za kokeini ya unga. Walioumia zaidi walikuwa Wamarekani weusi. Tume ya adhabu ya shirikisho ilitaka tofauti hiyo ifutwe mwaka 1995, Bunge likakataa. Nafuu ilikuja 2010, na waliokwisha kufungwa wakasubiri hadi 2018. Hata sasa, gramu 28 za kraki zinahesabiwa sawa na gramu 500 za unga.