KITABU KIKIHAMIA KATIKA SIMU, MFANYAKAZI AENDE WAPI?



Wanachama wetu wanaouza vitabu hapa Mukumu na kando ya barabara ya Kisumu na Kakamega hutuuliza mara nyingi: Je, vitabu vya kielektroniki vitatunyang'anya kazi? Leo tunatoa maoni yetu bila kuficha.

Kwanza tuseme kweli. Kitabu cha karatasi hupita mikono mingi kabla ya kumfikia mtoto: mpiga chapa, mfunga vitabu, mpakiaji, dereva, mtunza bohari, na karani wa duka. Kitabu cha kielektroniki huandikwa na kusahihishwa vile vile, lakini kikiisha kutengenezwa, nakala moja yatosha watu elfu. Kazi ya mwandishi inabaki. Inayopotea ni yetu sisi wa mashine, wa mizigo na wa kaunta.

Lakini tusimtafute adui mahali asipokuwapo. Elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2003, shule zilipewa fedha, nazo zikanunua vitabu madukani. Mwaka 2018 Wizara ya Elimu ikaanza kununua kwa wachapishaji wenyewe na kuvipeleka mpaka shuleni. Sababu zilizotolewa zilikuwa bei na ubadhirifu. Basi lori likapita mbele ya duka bila kusimama. Kitabu kilikuwa cha karatasi kama zamani. Kilichobadilika ni njia yake. Na kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa mwaka 2009 kikiwa na madeni makubwa, miaka kadhaa kabla tableti za serikali hazijaanza kugawiwa katika shule za msingi mwaka 2016.

Fundisho ni hili: kazi zetu hufa pale njia ya kitabu inapobadilishwa na watu walioketi mezani, na mfanyakazi hayupo. Jana lori lilitupita. Kitabu cha kielektroniki hakihitaji hata lori.

Wako wenzetu wanaotaka chama kipinge vitabu hivi kabisa. Hatukubaliani nao. Mzazi anayeshindwa na bei ya vitabu, vilivyotozwa kodi ya VAT ya asilimia 16 mwaka 2013, ni mfanyakazi kama sisi. Mtoto kipofu anayesomewa kitabu na simu ni mtoto wetu. Hatuwezi kudai haki yetu kwa kuwanyima wao.

Tunachodai ni mambo matatu. La kwanza, tajiri anayetaka kupunguza watu aje tuzungumze mapema, kwa maana maji yakimwagika hayazoleki. La pili, sheria ifuatwe. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka tajiri akiarifu chama na afisa wa kazi muda usiopungua mwezi 1 kabla ya kupunguza wafanyakazi, tena amlipe kila anayeondolewa mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliotumika. La tatu, kazi mpya za kupanga vitabu vya kielektroniki na kutengeneza tableti zifundishwe huku Magharibi pia, si Nairobi peke yake, na waliopoteza kazi za zamani wapewe nafasi ya kwanza.

Nasi tujilaumu kidogo. Wengi katika maduka madogo hawana hata karatasi moja ya kuonyesha siku waliyoanza kazi. Sheria hiyo hiyo yataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uandikwe. Usipokuwa nao, utahesabiwaje miaka yako? Wengine hawalipi ada, na hukumbuka ofisi ya chama siku ya kufukuzwa.

Basi ndugu, asiye na barua ya ajira aiombe mwezi huu, na akikataliwa amwone katibu wa tawi. Tusingoje duka lifungwe ndipo tuanze kutafutana.

Umoja ni nguvu.